Siku Nilipomdai Mwalimu wa Mtandaoni Adhana

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana nikifika katikati sitaki kukatizwa. Nimekaa na aibu hii tangu muhula uliopita, na mpaka leo nikipita barabara ya chini ya nyumba yetu, Old Kampala, natembea nimeinamisha uso kama mtu aliyeangusha kitu, kwa sababu mzee wa duka la vitambaa kila akiniona huweka kiganja sikioni na kuuliza, "Rama, leo umeisikia?"

Mdogo wangu Salma ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Anaweza kukaa vizuri kwa muda, kisha maumivu yanamshika mifupani na analazwa, na shule yake ikachoka (walisema kwa adabu, lakini ndivyo ilivyokuwa), wakatushauri tumtafutie mahali pengine pa kusomea kidato cha pili. Ndipo Mama akaja na habari za shule ya mtandaoni ya Mwalimu Bahati, Mkongo aliyefundisha hisabati Bukavu kabla ya kukimbilia huku, ambaye sasa anafundisha watoto kwa kompyuta, na somo likikupita unalitazama baadaye ukipata nafuu. Salma alifurahi hata akaanza kupanga vitabu mezani. Mama akanigeukia.

"Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Ichunguze hiyo shule kabla baba yako hajarudi safari."

Kumwambia mtu kama mimi achunguze! Nina shahada na sina kazi, kwa hiyo nina mawazo mengi yasiyo na pa kwenda. Tovuti ya shule ilikuwa nzuri mno, nikashuku. Picha za walimu, wote wanatabasamu. Mwalimu wa hisabati gani anatabasamu? Nikapiga simu, ikapokelewa papo hapo, nikashuku zaidi, maana ni ofisi gani ya kweli hapa Kampala inapokea simu upesi hivyo? Mwalimu Bahati akaniambia kwa upole, "Tuko hapa Old Kampala, ndugu yangu, karibu uje uone." Na hapo ndipo nilipoharibu, kwa uamuzi mdogo tu: nikakataa kwenda. Nilijiambia tapeli anaweza kukodi chumba, akapanga viti, akamweka msichana mapokezi, halafu ukishalipa unakuta kufuli mlangoni (rafiki yangu alipatwa na hayo akitafutiwa kazi ya Dubai). Hata jengo sikuuliza. Nikaona bora nimnase kwenye mkutano wa wazazi, mtandaoni, mbele ya mashahidi.

Jumamosi hiyo nikavaa shati jeupe na tai, na chini msuli, kwa sababu kamera haifiki chini. Salma akakaa kando yangu, nje ya picha, na Mama nyuma yetu akichambua mchele. Wazazi walikuwa mchanganyiko, Wakongo wa Nateete, Wakenya wa Bukoto, Wanubi wenzetu, ndiyo maana mkutano ulikuwa kwa Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Mwalimu akaeleza vizuri. Akasema darasa la kidato cha pili litafunguliwa tu wakipatikana watoto wa kutosha, na kwa bahati walikuwa wametosha siku hiyo hiyo, tena kwa shida. Salma akanibana mkono kwa furaha.

Mara adhana ya adhuhuri ikalia.

Sisi tuko chini kidogo tu ya msikiti mkubwa wa kilimani, adhana ikianza vikombe vinatetemeka kabatini, na mtu yeyote wa mtaa wetu, awe Mwislamu au asiwe, hukatiza maneno kidogo kwa sababu hata akiongea hasikiki. Mama akajitanda mtandio, akanyamaza. Lakini Mwalimu Bahati aliendelea na habari zake za mitihani, sauti safi kabisa, na nyuma yake kimya. Nikatega sikio. Hakuna. Nikaongeza sauti ya kompyuta. Hakuna! Huyu mtu hayuko Old Kampala, nikawaza, pengine hata Uganda hayupo.

"Kaka, wacha," Salma akaninong'oneza, maana anaujua uso wangu nikianza kupika jambo.

Sikuacha. Nikafungua kipaza sauti.

"Mwalimu, samahani. Umesema uko Old Kampala?"

"Ndiyo, ndugu."

"Adhana iko wapi?"

"Adhana?"

"Inalia sasa hivi, ukuta wetu unatikisika. Kwako kimya! Wazazi wenzangu, fikirini wenyewe, mtu anayetudanganya alipo atatudanganya mangapi mengine? Huu ni utapeli!"

Nikaona vijidirisha vya wazazi vinazimika, kimoja, kingine, na kingine. Mama, ambaye tangu utoto wetu hakuwahi kumruhusu mtu kuropoka adhana ikilia, alinipiga kofi la mgongo bila kutoa neno. Mimi nikadhani ananipongeza.

Kisha mama mmoja wa Nateete, Mama Furaha, akaisogelea kamera hadi tukabaki tunaona paji la uso tu.

"Na wewe, kijana, unasema kwako inalia. Mbona siye hatuisikii?"

"Inalia, mama!"

"Hatusikii kitu. Labda tapeli ni wewe."

"Huyu ametumwa na shule nyingine," akadakia baba mmoja wa Bukoto.

Jamani, ningeweza kunyamaza. Badala yake nikainyakua kompyuta, nikakimbilia roshani na kuitoa nje ya vyuma ili adhana iingie moja kwa moja. Kumbe Mwalimu naye, maskini, alikuwa ameinuka kufungua dirisha lake ili ajitetee, akaielekeza kamera barabarani. Kwenye kioo nikaona barabara ninayoijua. Nikaona jengo la njano lenye nguo zilizoanikwa. Nikaona, roshani ya juu, mtu mwenye shati jeupe na tai ameng'ang'ania kompyuta kwa mikono miwili, na msuli wake unateremka polepole kwa sababu hana mkono wa tatu wa kuushika.

"Yesu wangu!" akapiga kelele Mama Furaha. "Si ndiye huyu?"

Nikainua macho. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la vitambaa, Mwalimu Bahati alikuwa dirishani ananipungia mkono. Chini yake mzee wa duka alikuwa ametoka nje kutazama.

"Hizi kompyuta zinakata kelele za nje, ndugu," Mwalimu akasema. "Bila hivyo watoto wasingenisikia."

Kicheko ningekivumilia (namshukuru Mungu nilikuwa na bukta). Lakini waliozima mapema hawakuuona mwisho, waliondoka na lile neno utapeli tu, na Jumatatu Mwalimu akampigia Mama kumwambia watoto wamepungua, darasa la Salma halitafunguliwa. Salma hakunigombeza. Alivirudisha vitabu kabatini, kimoja kimoja, akafunga mlango wake, na hilo liliniuma kuliko kofi.

Nikavaa suruali, nikavuka barabara kuomba radhi. "Uliwaambia mbele ya watu," Mwalimu akanijibu, "waambie tena mbele ya watu." Akawabembeleza wote, wakakubali kurudi mtandaoni kunisikiliza. Nikaanza. Baba wa Bukoto akanikata.

"Juzi shule ya matapeli, leo shule ya malaika. Wamekuahidi nini?"

Nikaeleza habari za kelele kukatwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama tapeli, hata nikaanza kujishuku mwenyewe. Salma akanisukuma pamoja na kiti changu.

"Mwanafunzi ni mimi," akasema. "Kaka yangu hushuku hata mkate ukiwa laini. Mimi nimeumwa na nimeachwa nyuma, na jana nimekwenda kwa Mwalimu nikafanya naye hesabu. Ofisi ipo, ngazi zake chafu kidogo. Asiyeamini aje, nitampeleka mwenyewe. Nataka kusoma."

Kesho yake Mama Furaha alikuja, akapanda ngazi na Salma, akashuka akiwapigia wenzake simu mmoja mmoja. Darasa lilichelewa, lakini lilifunguliwa.

Nikiwaambia nimeapa kuacha kushuku nitakuwa nawaongopea. Nilichoapa ni kwamba nikimshuku mtu nitakwenda kwake kwanza, nibishe hodi, nimuulize tukiwa wawili. Na Mama, ambaye kiapo changu hakikumtosha, ametoa amri yake: Salma akiwa darasani mimi natumwa sokoni, na hata nikimaliza mapema, nasubiri chini mpaka somo liishe.