Jini la Kinanda cha Khalfan

Niliambiwa, na nikaamini kwa moyo safi, kwamba kinanda cha Khalfan kina jini kutoka Bahla, mji wa Oman uliosifika kwa uchawi, linalomeza sauti za waimbaji na kutema ala tupu. Nna cheti cha shule ya jioni, tena cha daraja la juu kabisa, lakini mtu akishikwa na wivu cheti hakimsaidii kitu.

Kazi nilianza ningali kijana, katika kikundi cha taarab hapa Maskati. Siku ya kwanza Kiongozi alinikalisha nyuma ya pazia la ukumbi, maana harusi ya wanawake sisi wanaume hatuioni, twaipigia tu. Akaniambia, "Khatibu, fidla itakusindikiza, ganuni itakubembeleza, lakini harusi ni koo lako." Koo lenyewe basi! Nikivuta "yaleli" Mabela, watu wa Yiti, mwisho wa pili wa mji, hufungua madirisha.

Miaka mingi baadaye akaja Khalfan, mpiga kinanda, mpole kama maziwa. Akaanza kurikodi nyimbo zetu bila ya sauti yangu. Hiyo ndiyo biti: ala zote zimo, mwimbaji katolewa kama mwiba wa samaki. Kidogo kidogo familia zikawa zaagiza biti peke yake. Kiongozi mpya akaniita.

"Mzee wangu, usivunjike moyo. Watu wanakupenda, ila wanataka biti."

"Wananipenda nikiwa nimenyamaza?"

Nikastaafu. Khalfan nikikutana naye msikitini, namwamkia huku natazama ndara zake.

Ikaja harusi ya binti yangu Rahma. Wiki nzima nilikunywa tangawizi ya kutosha kuponya kikohozi cha Oman yote. Rahma akanibusu kichwa. "Baba, niwie radhi. Nataka biti ya Khalfan."

Mwanangu wa kumzaa!

Nikakaa nje na wanaume, halua sijaigusa. Kila ala zilipopanda, vigelegele vilifunika yote, vikataka kuangusha taa za barabarani. Nikasema moyoni, nilimwimbia huyu tangu mchanga yumo kwenye susu, na leo jini ndilo linalomwoza.

Mama Rahma akatoka kupunga upepo, jasho jembamba, sauti imemkauka.

"Haya, jini la Khalfan limekufurahisheni?" nikamuuliza.

"Jini gani, Baba Rahma? Nilikuwa naimba mimi, juu ya hiyo biti. Kisha shangazi zake, kila mmoja na ubeti wake wa kumuaga. Miaka yote ukiimba wewe, sisi tulikuwa tukisikiliza tu."