Themostati Ndani ya Mkebe wa Majani Chai

Baba alikubali kwenda hospitali kule Upper Hill kwa sharti moja: aende kwa gari lake. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi ikikatika kwenye ngazi ya tatu, na daktari alimtaka Alhamisi bila kukosa. Mimi nauza viatu mjini, kupatana ndiyo kazi yangu. Nikamwambia, "Mzee, safari hii twende na teksi, ijayo twende na gari lako."

Akanitazama kama mteja aliyetajiwa bei ya wizi. "Kama ni teksi, nenda wewe. Utaniambia daktari alisema nini."

Gari lenyewe ni lile dogo la Kiingereza, la viti viwili, mwendo mwingi na paa la kubahatisha, alilonunua enzi zake za ufundi wa magari. Lilikuwa na ugonjwa mmoja: likitoka nyumbani Mountain View, linachemka kabla ya Westlands. Nilikuwa na siku tatu.

Baba akaketi kwenye stuli kando ya boneti, akanisomesha. Pampu, inayozungushwa na mkanda, husukuma maji ndani ya injini. Yakishabeba joto hutokea juu, huingia kwenye rejeta, hushuka kwenye mirija myembamba huku upepo ukiyapoza, kisha hurudi kwenye injini kupitia chini. Kifuniko cha rejeta huyabana ili yasichemke mapema.

"Ni hayo tu," akasema.

Nilikagua mkanda mara mbili, paipu za mpira mara mbili. Rejeta niliipeleka Uthiru ikazibuliwa. Kifuniko nikanunua kipya. Jumatano asubuhi nikalijaribu peke yangu, na mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, palepale pa siku zote.

Nilipolirudisha, nikangoja injini ipoe, nikafungua nyumba ya themostati, pale maji yanapotokea. Nati tatu. Nikachungulia, nikachungulia tena. Patupu.

"Mzee, themostati iko wapi?"

"Niliitoa."

"Lini?"

"Hujazaliwa. Mafundi sote tulikuwa tunazitoa. Tulisema hizo ni za baridi ya Ulaya, huku kwa joto zinatufungia maji bure."

"Na Julai hapa unavaa makoti mawili."

Hakucheka. Akanieleza polepole, macho chini. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi hujifunga, maji yakazungukia humo humo kwa njia ndogo ya pembeni. Injini ikipata moto hufunguka, na kwa gari hili kola yake, ile pete ya chini, huiziba ile njia ndogo, ili maji yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya pembeni hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupozwa.

"Sijui nilizitoa kwa magari mangapi," akasema. "Na watu waliniamini."

Akanituma kabatini, nilete mkebe wa zamani wa majani chai. Themostati ilikuwa humo, imefungwa kwa kitambaa. Tukaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, yeye ameinama juu ya mvuke kwa shida. Maji yalipokaribia kuchemka, ule mlango mdogo ukafunguka, taratibu. Baba akapangusa uso. Huenda ni mvuke. Jioni nikairudisha kwenye nyumba yake, nikakaza nati zote tatu.

Alhamisi foleni ya Waiyaki Way ilisimama kama kawaida. Mshale ukapanda, ukafika katikati. Mimi natazama mshale, yeye anatazama mshale. Haukusogea.

"Imefunguka," akasema.

Hospitalini, nilipotaka kuzima injini, akanishika mkono. "Ngoja kwanza."

Tukaisikiliza kidogo. Kisha akazungusha ufunguo mwenyewe. Kiti cha gari lile kiko karibu na lami, na miguu yake ilikuwa mizito. Nikazunguka upande wake nikamshika kwapani, nikahesabu hadi tatu. Hakunyanyuka. Nikahesabu tena, ndipo akasimama, na tukaingia.