Pweza Waliovuliwa Kwenye Muhogo

Habari hii inanionyesha mjinga, nakiri mapema, maana nisipoisimulia mimi ataisimulia shangazi, na yeye chumvi haipimi.

Shangazi ndiye aliyenilea, hapa Mafia. Kila bamvua, maji yakitoka, anashuka mwambani kuchokoa pweza, na mashimo yake haonyeshi mtu. Marehemu mumewe alikufa hayajui. Ananichukua mimi tu.

Basi akaja dada mmoja mtafiti, akanipa simu: nipime kila pweza, niandike uzito, nibonyeze mahali alipotoka.

"Habari zote zinakwenda kwenye ghala la mtandaoni," akasema. "Liko wazi, mtu yeyote duniani anasoma."

Mtu yeyote! Mimi hao wa duniani sikuwaona, akilini niliwaona wavuvi wa jirani, wa Bwejuu, simu mkononi, wamechutama juu ya mashimo ya shangazi. Wakiyamaliza, sisi tule nini? Nikajifanya mjanja. Uzito naandika wa kweli, ila kubonyeza mahali nasubiri mpaka nifike Baleni, mbali na pwani, kwa binti ambaye shangazi alikuwa hajamsikia. Nabonyezea hapo hapo, kwenye muhogo wa mama yake, uani kwao.

Miezi mitatu hivyo. Siku moja dada akatokea nyumbani, "shikamoo" kaitoa mbio mbio.

"Kuna msomaji wa Ulaya ameniandikia," akaniambia. "Anauliza pweza wa Mafia wanaishi nchi kavu?"

"Labda wanafuata kivuli cha minazi."

Hakucheka. Nikasema ukweli wote, ila binti sikumtaja, shangazi kakaa pale anasikiliza.

"Si ungeniuliza!" dada akasema. "Shimo lenyewe hatulitoi. Huko nje tunaweka eneo pana tu. Tazama."

Akatuonyesha wanachokiona watu: mraba mkubwa, ungemeza ghuba nzima, ila umekaa nchi kavu. Shangazi akaushika ule mraba kwa kidole, akauvuta huku na huku, shimo halionekani. Akashusha pumzi. Kisha tukakaa kutwa tunasahihisha, yeye anakumbuka pweza mmoja mmoja: "Huyu wa upande wa Chole. Huyu alinimwagia wino."

Ila kabla hatujaanza kusahihisha, dada alikuwa amefungua ramani yake mwenyewe, ile ya ndani, na shangazi akaona madoa yangu yote yamerundikana kwenye ua mmoja wa Baleni.

Alipoondoka, shangazi akanitazama.

"Mashimo yangu umeyalinda, mwanangu, Mungu akulipe. Sasa huo ua wa Baleni, posa tupeleke lini?"