Mstari Nyuma ya Baba

Baba yangu aliongoza mudugudu wetu wa Gikondo kwa miaka mingi bila mshahara. Mudugudu ndio ngazi ya chini kabisa ya utawala hapa Kigali: mtaa mmoja, kiongozi mmoja. Baba alikulia Tanzania, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili, na wageni wakimuuliza kazi yake alisema ni balozi wa nyumba kumi, "ila hizi kumi zimezaana." Mchana alichomelea mageti kwenye karakana. Akitoka huko aliamua ugomvi wa maji machafu na wa redio zinazopiga kelele.

Mipaka yetu ilikuwa mfereji upande wa bondeni, ghala la simenti barabarani, na kanisa juu. Watu walipozidi, mudugudu ulikatwa vipande viwili. Baadaye nyumba za bondeni zikaondolewa kwa sababu ya mafuriko, yetu ikiwemo, tukahamia ghorofa za Busanza. Ukitaka historia fupi, ni hiyo.

Lakini kuna uchaguzi mmoja katikati.

Kiongozi wa mudugudu tulimchagua kwa mstari. Wagombea husimama mbele wakiwapa watu mgongo, na kila mkazi husimama nyuma ya anayemtaka. Mgombea hageuki mpaka watu wahesabiwe. Mwaka huo nilikuwa chuo kikuu, na hakuna nililokuwa silijui. Nilimwambia mama kwamba kura inayoonwa na jirani si kura, ni heshima tu. Baba alikuwa akishindana na kijana mwenye duka la dawa. Watu walipojipanga, mimi nilibaki nimeegemea ukuta, mikono kifuani.

"Msomi," mama mmoja muuza mkaa alinitania, "umekuja kutupima kwa rula?"

"Mimi sipigi kura ya namna hii."

"Ee! Na yule pale mbele si mzazi wako? Au naye unamtilia shaka?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao. Baba hakugeuka.

Alishindwa kwa watu tisa. Kwa hesabu, basi, sina kosa. Mguu wangu mmoja usingemwokoa. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Aliporuhusiwa kugeuka, mistari ilikuwa imeshavunjika, watu wanakimbilia kumpongeza kijana. Akanijia, akanishika bega.

"Asante, mwanangu. Nimeshindwa, lakini nyumba yangu yote ilisimama nyuma yangu."

Mama alitazama chini. Tangu siku hiyo sentensi ile ikawa yake. Aliisema kwa wageni, kwa shemeji zake, hata kwa dereva aliyetubebea vitanda kwenda Busanza. Majirani walioniona ukutani waliisikia wakanyamaza. Si mimi waliyemhurumia.

Busanza ndiko alikoanza kuugua. Hakuweza tena kupanda ngazi bila kukaa njiani. Siku moja aliniita na daftari.

"Wewe umesoma. Andika historia ya mudugudu wetu, maana haupo tena."

Aliniambia, nikaandika: nani alitangulia kujenga, mfereji ulichimbwa na akina nani siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, mpaka ulihamishwaje. Nilimbishia kila mahali. Una uhakika? Nani alikuambia? Alifurahi kubishiwa. Tukafika kwenye uchaguzi.

"Andika: kiongozi wa kwanza alishindwa, lakini watu wa nyumba yake wote walisimama nyuma yake."

Kalamu ilisimama.

"Baba, hilo si la historia. Historia ni mipaka, ni viongozi."

"Mipaka imekwisha. Andika."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mama alikuwa jikoni, tulikuwa wawili tu. Nikamtazama shingo, ilivyokonda ndani ya kola, nikaandika.

"Nisomee."

Nikasoma.

"Rudia hapo."

Nikarudia, na mara ya tatu pia, kwa sauti thabiti, mimi ambaye sijawahi kumwachia mtu yeyote sentensi bila ushahidi.

Tulimzika kabla hatujafika kwenye habari za kuhama. Watu wa mudugudu wetu, waliotawanyika humu Busanza, bado huniomba nakala. Baadhi yao walikuwepo siku ile. Nawapa daftari kama lilivyo, na wao hulisoma palepale mlangoni, wakifika kwenye mstari ule hawaniangalii.