Maji ya Bibi Asubuhi ya Komunyo

Nilipokuwa mtoto wa miaka kama tisa kule Ushetu, nilijua kwa hakika namna nitakavyokufa. Nitaanguka mbele ya altare na gauni langu jeupe, damu ikinitoka mdomoni.

Miaka hiyo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, anayepokea Komunyo alikatazwa kula au kunywa chochote tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Hiyo ilikuwa sheria ya kanisa. Mengine tuliyaongeza wenyewe, sisi watoto wa mafundisho. Tuliambiana kwamba ukipokea na umeshafungua kinywa, hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, inageuka damu na nyumbani hutarudi. Hakuna aliyewahi kuona, ila kila mmoja alikuwa na binamu aliyeona.

Asubuhi ya Komunyo yangu ya Kwanza, Mama alitangulia misheni kusaidia kupika. Bibi mzaa baba, ambaye hakubatizwa wala hakuwa na haraka ya kubatizwa, aliniita mlangoni. Akapiga funda la maji yenye unga wa mtama, akanipulizia usoni, kama wazee wetu walivyombariki mtu anayeanza safari ya maana. Nami, mjinga, nikalamba midomo. Nikameza.

Njia nzima nililia. Nikinyamaza, nakufa. Nikisema, Mama aliyenishonea gauni kwa mkono juma zima ataaibika mbele za watu, na Bibi ataitwa mpagani kwa mara nyingine.

Tulipopangwa mstari nje ya kanisa, nikamwambia katekista, mwalimu wetu wa mafundisho. Hakuuliza mara mbili. Alinitoa mstarini, akasema nitangoja mwaka ujao, tena nimeleta matambiko kanisani. Padre, mzee wa Kizungu aliyesema Kiswahili polepole, alimsikia. Akaja, akachuchumaa mbele yangu.

"Bibi alikuombea nini?"

"Nifike salama, Padre."

"Umefika?"

Nikasema nimefika. Akamweleza katekista kwamba unyevu wa midomo si kunywa, kisha akanifuta unga shavuni kwa kidole gumba. "Rudi mstarini," akaniambia.

Nilipokea nimefumba macho, nikangoja. Hostia ilikuwa kavu, ikaning'ang'ania kwenye kaakaa. Sikufa. Kwa furaha nilicheka kwa sauti katikati ya misa, Mama akanifinya.

Sasa mimi ni mwanamke mzee, na bado nafunga kabla ya Komunyo zaidi ya inavyotakiwa siku hizi. Wajukuu hunicheka. Sizidharau desturi zile: ya kanisa ilinionyesha kwamba ninachokiendea ni kikubwa, na ya Bibi iliniambia siendi peke yangu. Kilichonitesa ni hofu tuliyoibandika sisi wenyewe juu ya desturi hizo. Kabla ya Komunyo ile nilisali kama mtu anayemsalimia tarishi wa kodi, macho chini, nikitamani apite. Asubuhi ile nilipumua, kwa sababu nilijua Mungu hakuwa akinivizia.