Sentimita Tano za Upande wa Kulia

Nilifundisha jiometri miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukiri kosa mbele ya watu. Nikikosea ubaoni, niligeuka taratibu nikawauliza wanafunzi, "Haya, nani ameliona kosa nililoweka makusudi?" Wengi wao wamezeeka wakiamini mwalimu wao Andriatsilavo alikuwa mtu wa hila nyingi.

Kwa hiyo mtu asinihurumie kwa yaliyonikuta na gari langu.

Gari lenyewe ni Renault 4, Katrel kama tunavyoliita hapa Antananarivo, la mwaka 1974, la bluu, na nimeliendesha miaka ishirini na miwili kupanda na kushuka barabara za mawe za kilima cha Faravohitra. Mwaka niliostaafu lilianza kuugua nyuma. Kila gurudumu likipita kwenye jiwe lilitoka sauti, ngo! ngo! kama mtu anayepiga hodi chini ya sakafu. Tena lilikuwa linainama kushoto. Na kiti cha nyuma kushoto ndicho alichokaa mama mkwe wangu, Mama Razay, kila Jumapili tukienda kanisani.

Mimi nikaunganisha mambo hayo mawili. Msomi kazi yake kuunganisha.

"Mama," nikamwambia kwa adabu zangu zote, tumeshafika mlangoni mwa kanisa na watu wamejaa, "tukirudi, hebu ukae upande wa kulia, ili gari lipate mizani."

Mama Razay ana miaka themanini na moja na uzito wake haufiki kuku watano. Alinitazama, akaitengeneza kofia yake.

"Mizani? Kwani mimi gunia la mchele?"

Ibada ilipokwisha akapanda basi. Tulimwona dirishani akitupita, akitazama mbele kama malkia.

Mke wangu, Bakoly, alingoja mpaka chakula cha mchana. Alinipakulia wali, akanipa kisamvu, akatafuta nyama ya nguruwe ndani ya chungu na kuiweka yote kwenye sahani ya kaka yake. Huyo kaka yake, Rabenja, ni fundi magari chini ya kilima. Shule aliacha mapema, na kila akinisalimia "Mwalimu" mimi husikia kama ananichokoza.

"Shemeji," akasema mdomo umejaa nyama yangu, "si uzito wa Mama. Bushi zako za nyuma zimekufa. Mpira umekwisha, sasa chuma kinagonga chuma. Niletee Jumatatu."

"Asante, nitazibadilisha mwenyewe."

"Wewe?"

"Ni pembe na umbali tu, Rabenja. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote."

Akaacha kutafuna. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama dari.

"Sawa," akasema. "Ila ukikwama usipige nyundo. Piga simu."

Jumatatu nikashuka soko la Isotry nikanunua bushi nne mpya, nikazifunga kwenye leso kama mayai. Jumanne nikainua mkia wa gari kwa jeki, nikaweka magogo, nikatandika gunia nikaingia uvunguni.

Chini ya Katrel mambo si mengi. Kila gurudumu la nyuma limeshikwa na mkono wa chuma. Mkono huo unacheza kwenye bushi mbili za mpira, na umeunganishwa na fimbo ndefu ya chuma iliyolala chini ya sakafu kutoka ubavu huu hadi ubavu wa pili. Gurudumu likipanda jiwe, fimbo inajisokota, likishuka, inajisokotoa. Hiyo ndiyo springi. Nilielewa yote kwa dakika tano, nikajisifu kwa nusu saa.

Nati ya kwanza ilinichukua siku nzima. Kutu ilikuwa imeioa, na ndoa hiyo haikutaka talaka. Nilining'inia kwenye spana, nikaikanyaga, nikaibembeleza kwa dizeli. Ilipoachia iliachia ghafla, nami nikajipiga spana kwenye paji la uso. Nilimwambia Bakoly nimegonga mlango wa kabati. Akauliza kabati gani hilo lenye grisi.

Jumatano nikazitoa zile fimbo mbili. Zina meno madogo mwishoni, na usipozirudisha kwenye meno yaleyale gari litainama milele. Hilo nililijua, nikaziwekea alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu. Nikazilaza uani kama zilivyokuwa zimelala garini, moja mbele, moja nyuma, nikazitazama kwa mapenzi. Ninawaomba wasomaji wakumbuke kwamba nilizitazama. Mimi ndiye niliyesahau.

Bushi mpya zilikataa kuingia. Nikazichemsha kwenye maji ya sabuni ili zilainike, na chombo kilichokuwa karibu ni sufuria ya wali. Ziliingia vizuri sana. Lakini sisi hatunywi maji mengine mezani ila maji ya ukoko, yanayochemshwa katika sufuria hiyohiyo wali ukishapakuliwa, na jioni ile yalitoa povu. Bakoly akanywa funda moja, akaiweka bilauri chini, akasema, "Angalau tumbo litakuwa safi."

Ijumaa adhuhuri nikamaliza. Nikakaza kila bolti kwa nguvu zangu zote gari likiwa bado limening'inia juu ya magogo, nikalishusha, nikalisukuma huku na huku. Hodi hazikusikika tena. Nilikuwa na furaha ya mtoto. Mtu mwenye busara angenawa mikono hapo akaenda kumwomba mama mkwe wake msamaha.

Mimi nikaenda kuchukua tepu nipime.

Nilipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kushoto: mita mbili na sentimita arobaini. Kulia: mita mbili na arobaini na tano. Nikapima tena. Nikafuta miwani, nikapima mara ya tatu. Upande wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa karibu sentimita tano. Nilianza na gari la mstatili, nikatoka na trapeza.

Siwezi kueleza aibu niliyoisikia. Nikafungua kila kitu. Jumamosi nzima nilikuwa uvunguni. Nikabadilisha washa za bolti, nikapiga nyundo, ndiyo, nikapiga nyundo, nikafunga tena. Nikapima. Sentimita tano. Nikafungua tena. Jumapili sikuenda kanisani. Nilisema nina mafua. Sentimita tano. Bakoly akasimama mlangoni, akaniangalia miguu iliyotokeza chini ya gari.

"Si umpigie Rabenja?"

"Kumwambia nini?"

"Kwamba umeshindwa."

"Sijashindwa. Nimebakiza sentimita tano."

Jumatatu wazo likanijia: nipime Katrel nyingine, ya mtu mwingine, nione tofauti iko wapi. Kwenye kituo cha teksi cha chini kulikuwa na moja, rangi ya maziwa, dereva wake amesinzia, petroli yake ndani ya chupa ya maji miguuni pake. Nikachuchumaa ubavuni, nikavuta tepu. Kushoto, mita mbili na arobaini. Nikazunguka kulia. Nilikuwa nimepiga magoti nasoma namba kivuli kiliponifunika.

"Babu," akasema dereva, "unanipimia sanda?"

Nikainuka. Mita mbili na arobaini na tano! Badala ya kufikiri, moyo wangu ulifurahi, nilikuwa nimepata mwenzangu.

"Kijana, gari lako limepinda."

"Limefanya nini?"

"Limepinda. Upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Uligongwa?"

"Sijagongwa na mtu, na wewe usianze!"

Ndani walikuwa wamekaa abiria wawili, mama mwenye bata kwenye kikapu na bwana wa suti. Kwa sauti ileile iliyotuliza madarasa ya watu sitini nikawaeleza kwamba chombo walimo si mstatili bali trapeza, na chombo kisicho mstatili mteremkoni hakina dhamana. Nikawaonyesha tepu. Bwana wa suti akashuka. Mama akamtoa bata wake, akashuka pia.

Dereva, aliyeitwa Lita, alisema maneno ambayo sijayasikia tangu jeshini. Nikampa pole kwa hasara, nikaenda kituo cha pili.

Kufikia saa nane mchana nilikuwa nimepima Katrel saba. Zote zilikuwa zimepinda. Zote kulia, zote sentimita tano. Mtu mwingine hapo angeanza kujishuku. Mimi nilianza kuandika. Nilinunua daftari, nikakaa ngazini, nikatunga nadharia kwamba barabara za mji wetu, kwa kuzunguka vilima upande mmoja daima, zinavuta magari taratibu, mwaka hata mwaka, upande wa kulia. Nilichora michoro. Nilikadiria kwamba ifikapo miaka mia moja magari yetu yatakuwa pembetatu. Nilifikiria kumwandikia waziri.

Niliporudi nyumbani niliwakuta watu wawili wananisubiri uani, Lita dereva na Rabenja. Nilikuwa sijui kwamba ile teksi hutengenezwa na shemeji yangu.

"Ndiye huyu!" Lita akapaza sauti. "Ndiye huyu mzee wa tepu! Kituo kizima kinaniita Trapeza!"

"Tulia, Lita," Rabenja akasema. Akanigeukia. "Shemeji, umewaambia watu nimefunga gari vibaya?"

"Si wewe peke yako," nikamfariji. "Ni barabara." Nikamfungulia daftari.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Mabega yakaanza kumtikisika. Akampa Bakoly daftari, akaenda kuegemea ukuta na kucheka mpaka machozi.

"Mwalimu," alisema alipoweza, "zile fimbo ni ngapi?"

"Mbili."

"Zimelalaje?"

"Kutoka ubavu hadi ubavu."

"Zote mbili? Chini ya sakafu moja?"

"Ndiyo."

"Sasa zitalala mahali pamoja? Ndugu wawili kitanda kimoja, mmoja lazima awe ukutani. Fimbo ya gurudumu la kushoto imetangulia, ya kulia imefuata nyuma. Na gurudumu linakaa ilipo fimbo yake. Limetoka kiwandani hivyo, shemeji. Yote yametoka hivyo. Tangu siku ya kwanza!"

Nilisikia joto linapanda kutoka shingoni hadi masikioni. Miaka ishirini na miwili niliendesha gari lenye pande zisizo sawa, nikitoka darasani kueleza mstatili na kurudi darasani kueleza mstatili. Nilizitoa fimbo zile kwa mikono yangu, nikazipaka rangi ya kucha!

Nikafungua mdomo. Najua nilichotaka kusema. Nilitaka kusema, haya, nani ameliona kosa nililoweka makusudi? Lakini Bakoly alikuwa ananitazama, amefika kwenye ukurasa wa magari ya pembetatu.

"Nimekosea," nikasema.

Neno lenyewe lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani. Rabenja akaacha kucheka papo hapo, kana kwamba nimeumia. Akavua koti, akaingia uvunguni bila kutandika gunia.

"Kazi si mbaya," sauti yake ikatoka chini. "Alama zako zimekaa sawa. Ila bolti ulizikaza gari likiwa limening'inia, siyo? Hapo mpira unakuwa umejisokota kila gari likisimama, na miezi miwili utachanika. Unazilegeza, gari linasimama kwa miguu yake na mzigo wake, halafu ndipo unakaza. Nahitaji mtu akae nyuma. Kushoto."

Mimi na Bakoly tukatazamana.

Nilipanda kwa Mama Razay kwa miguu. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia yote, kuanzia mizani hadi daftari, sikumficha hata povu la maji ya ukoko. Alisikiliza bila kuinua macho, akitoa vijiwe kimoja kimoja.

"Kwa hiyo si uzito wangu."

"Si uzito wako, Mama."

"Na sasa unauhitaji."

"Ndiyo, Mama. Nauhitaji sana."

Akanyanyuka akaenda kuvaa kofia ya kanisani. Alikaa nyuma kushoto robo saa nzima, mkoba mapajani, huku mwanawe na mkwewe wamelala chini yake kwenye vumbi, mmoja anakaza na mwingine anashika taa. Kila dakika aliuliza, "Bado mnanihitaji?" Na kila mara Rabenja alinichoma kidole ubavuni, mpaka niseme, "Bado, Mama."

Lita hakuondoka mpaka tukubaliane. Sharti lake lilikuwa moja: kesho yake nisimame kituoni, nitangaze kwa sauti ileile kwamba gari lake ni zima. Nilisimama. Nilitangaza. Wale wenye haraka walinipita, na waliobaki walitaka kujua kwa nini basi upande mmoja ni mrefu, nami nikajikuta nachora fimbo mbili kwa chaki ubavuni mwa teksi. Nilikuwa nimefika kwenye namna chuma kinavyojisokota, darasa limetulia vizuri, abiria mmoja wa Lita alipoinua mkono.

"Swali, Mwalimu."

"Uliza."

"Tunaondoka saa ngapi?"