Jaji wa Magari na Ufunguo wa Sultani

Hii habari hamtaiamini, na mimi sitawabembeleza. Nilimsimulia daktari wa meno nikiwa kitini kwake, akaweka koleo chini akaniambia, "Mzee, wewe huhitaji ganzi, unahitaji maombi." Lakini nimeiona kwa macho haya mawili, ambayo hayajavaa miwani mpaka leo, ingawa dada yangu anasema yalistahili tangu zamani.

Inamhusu shemeji yangu, mume wa dada yangu huyo huyo. Ni fundi wa viti vya magari. Yuko hapa mbele yangu, anashona, nami namsomea kila ninachoandika, kwa sababu alisema hataki kuyasikia maisha yake kutoka kwa majirani. Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati unaovutwa kwenda juu. Kushoto kuna cherehani nyeusi inayonguruma kuliko magari anayoyashonea. Kulia yamesimamishwa majora ya ngozi, na mengine ya kitu kinachoitwa ngozi. Katikati kumejaa sponji zilizokatwa kwa umbo la makalio ya watu tusiowajua. Halafu kuna harufu ya gundi. Ukikaa nayo saa nzima unaanza kukubaliana na kila mtu.

Mlangoni kuna kiti cha nyuma cha gari, kimeng'olewa zamani na mwenyewe hakurudi. Hapo ndipo wanapokaa wapenzi wa magari. Wapenzi wenyewe ni wawili. Wa kwanza tunamwita Spea, kwa kuwa anauza vipuri duka la pili. Wa pili ni Mwalimu, mstaafu wa jiografia, ambaye hukusanya vijitabu vya matangazo vya magari ya kifahari na kuvihifadhi kwenye faili la plastiki, kama vyeti vya watoto. Kati yao hakuna anayemiliki hata toroli. Lakini wasikilizeni.

"Sultani ina mstari wa bega," Mwalimu husema, kidole kikiwa kwenye picha ya gari hilo. "Unatoka taa ya mbele mpaka ya nyuma bila kukatika. Imeandikwa hapa, umetokana na chui anayekaribia kuruka."

"Chui gani ana milango minne?" Spea hujibu. "Sultani ukiitazama usoni ni mtu aliyetajiwa bei. Mimi na Almasi, Almasi na mimi."

"Almasi! Na ule wavu puani? Wanaendesha au wanavua samaki?"

"Ule wavu ni urithi wa kampuni, bwana. Miaka themanini."

"Basi warithi wagawane, maana umezidi!"

Hapo ndipo wote wawili humgeukia shemeji yangu. Yeye wanamwita Jaji. Haachi kushona, hageuki, na husema neno moja tu likamaliza kesi ya asubuhi nzima. Siku moja Mwalimu alisoma kwamba viti vya Almasi ni vya ngozi ya madume wa ng'ombe waliolelewa kwenye malisho yasiyo na mwiba hata mmoja. Jaji alikuwa na kiti hicho mezani. Akakikunja pindo, akapitisha ukucha wa dole gumba, akanusa, akasema, "Huyu dume alizaliwa kwenye pipa la mafuta." Spea hakuonekana mlangoni siku mbili.

Sasa sogeeni karibu. Jaji hajui kuendesha gari.

Sisemi anaendesha vibaya. Namaanisha hajui kabisa, kama mimi nisivyojua Kichina. Magari huletwa na wenyewe, yanaegeshwa na wenyewe, yanaondoka na wenyewe. Yeye huyakuta yamelala, akayashona, akayaacha yamelala. Akiwa kijana, bosi wake alimwambia arudishe pikapu nyuma hatua moja tu. Akaangusha ukuta wa choo, na bosi alikuwa ndani, anasoma gazeti. Tangu siku hiyo hajagusa usukani, ila kuuvalisha ngozi.

Alipoanza kuitwa Jaji, hakuna aliyemuuliza kama anaendesha, naye hakujitia kimbelembele kuwaambia. Mwaka ukapita, akaanza kusema vitu kama, "Sultani kwenye kona inatulia kama mkasi kwenye hariri." Miaka kumi na tisa ikapita hivyo. Wateja wanawapita mafundi watatu barabarani kuja kwake, kwa sababu wamesikia kuna Jaji. Siri tuliijua watu watatu, yeye, dada yangu na mimi. Dada alikuwa akimwambia, "Baba watoto, siku Spea akijua, utafunga hii karakana ukauze karanga." Na kweli, Spea ni mtu wa kutangaza jambo mpaka mazishini.

Basi, Jumanne moja asubuhi, nami niko hapo, akaingia Mama Kandarasi. Huyu mama ana kampuni ya ujenzi, anavaa buti zenye saruji hata akienda benki, na Sultani yake mpya ilikuwa kwa Jaji siku tatu kwa sababu mbwa wake alikuwa amekila kiti cha nyuma mpaka kwenye sponji. Alikikagua kiti, akakipapasa, akaridhika. Mwalimu, ambaye hawezi kuiona Sultani akanyamaza, akafungua faili.

"Mama, hili gari lako, imeandikwa hapa, ukijaza glasi ya maji mpaka ukingoni ukaiweka kiti cha nyuma, haimwagiki tone. Kwenye barabara yoyote."

"Barabara yoyote ya wapi?" Spea akaruka. "Ya zulia?"

"Yoyote ni yoyote!"

"Ya hapa nje je?"

Mama Kandarasi akacheka mpaka akashika mlango. "Ya hapa nje niliijenga mimi. Mashimo yake nayajua kwa majina." Akatoa ufunguo mfukoni. "Tusibishane kama watoto. Jaji, endesha wewe mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Hawa wakae nyuma na glasi yao."

Akaurusha. Ufunguo ukaangukia juu ya ngozi aliyokuwa anaishona, na cherehani ikanyamaza. Sikuwahi kujua kwamba karakana ile ina saa ya ukutani. Siku hiyo niliisikia.

Nilimwangalia shemeji, naye akaniangalia. Nikamkonyeza, maana yake "sema unaumwa mgongo." Hakunielewa, au alinielewa akaona haya. Akanawa gundi mikononi, taratibu, kidole kwa kidole. Akachukua ufunguo, akatoka nje, akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye usukani, ufunguo akauweka kando ya gia. Spea na Mwalimu wakajipakia nyuma na glasi iliyojaa pomoni, mimi nikajibana katikati yao.

Wapwa zangu, mtu yule alikirekebisha kiti! Akakipeleka mbele, akakirudisha. Akakipandisha, akakishusha. Akawasha kitufe cha kupasha joto, na nje kulikuwa na jua la kukausha nguo kwa dakika tano. Akawasha cha kukanda mgongo. "Sikilizeni hii mota," akasema kwa sauti nyembamba. "Iko upande wa kushoto, chini ya mbavu ya tatu. Gari la fahari huanza mgongoni."

"Jaji," Spea akasema, "tunaenda au tunakandwa?"

Jasho lilikuwa likimtoka hata nyuma ya masikio. Mama Kandarasi alikuwa amekaa kando yake, anamtazama. Nikaona mkono wa shemeji unaukaribia ule ufunguo, unarudi, unaukaribia, unarudi. Mwishowe akauokota, akamwekea mama mkononi.

"Mama, mimi sijui kuendesha."

"Hili hujalizoea?"

"Lolote. Sijawahi kujua."

Spea akalipuka. "Miaka kumi na tisa! Mkasi kwenye hariri! Wewe hariri yenyewe umeionea wapi? Hukumu zote zifutwe! Kuanzia ile ya dume la pipa!"

Shemeji aligeuka tu, akamwambia kwa upole, "Sawa, Spea. Njoo mbele, endesha wewe."

Mama Kandarasi akamnyoshea Spea ufunguo. Spea akautazama kana kwamba una moto.

"Mimi? Mimi na hili goti? Mpe Mwalimu, ndiye mwenye kijitabu."

"Mimi nilizoea gia za mkono," Mwalimu akasema haraka. "Za siku hizi hazina heshima."

"Za mkono ulizoea kwenye gari gani?" mama akauliza.

Mwalimu akafunua faili, akatafuta ukurasa. Akatafuta sana.

"Mwalimu."

"La shule," akasema. "Nilikuwa nakaa karibu na dereva."

Mama Kandarasi aliegemea dirisha, akacheka mpaka machozi yakaingia kwenye saruji ya buti zake. Shemeji naye akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo zima, na nilivyomwona amelegea mabega nikajua miaka kumi na tisa imemshuka. "Wewe endelea kutuhukumia viti," mama akamwambia. "Na viti vya magari ya kampuni yangu vyote utashona wewe. Fundi anayekiri asichokijua, hata akisema ngozi ni ngozi namwamini."

Lakini gari bado lilikuwa limesimama, na glasi bado imejaa. Ndipo mama akanigeukia mimi, kwa sababu mtu jasiri anajulikana kwa kumtazama. Nikashuka nyuma, nikapanda mbele, nikaliwasha. Wanangu, niliipeleka Sultani kwa mkono mmoja! Shimo la kwanza nikalipita kushoto, la pili nikaliruka juu kwa juu, kwenye mzunguko nikapita katikati ya malori mawili yanayopishana, huku glasi haijatoa hata tone, na Mama Kandarasi akiniambia, "Mjomba, kwa nini hukuwa dereva wa ma—"

"Shemeji, simama hapo hapo," Jaji ananikatiza kutoka kwenye cherehani. "Mama ndiye aliyeendesha. Wewe ulikuwa nyuma umefumba macho, umeng'ang'ania paja la Spea, unapiga kelele apunguze mwendo, na tulikuwa bado hatujaondoka hapa mlangoni."